Mstari Umepita Kwenye Nukta Zote, Kwa Hiyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninasoma chuo, kwetu ni Newala. Baba ana kisukari. Nimekusanya vipimo vyake 12 vya sukari, nikaunda modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwili, ya glukozi (sukari ya damu) na insulini, yenye vigezo 7 (namba ambazo kompyuta huzirekebisha hadi mstari ufuate vipimo). Mstari wa kompyuta umepita karibu kila nukta. Naweza kuitumia kumpangia dozi ya insulini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Dozi apangiwe na daktari wake, na wewe usijaribu hata siku moja.

Kila mara naletewa mchoro wa aina hii na neno lilelile: "imekubali". Imekubali nini? Ukiwa na vigezo 7 kwa nukta 12, kompyuta itaupitisha mstari karibu popote unapotaka. Nikikwambia mzee kapata shilingi 60,000 za korosho, aliuza kilo 20 kwa 3,000 au kilo 30 kwa 2,000? Hesabu zote mbili "zinakubali". Modeli yako ndiyo hiyo. Sukari ikishuka, haijui kama insulini ilikuwa nyingi au mwili umeiitikia vizuri, kwa sababu insulini yenyewe hukuipima. Seti mbili za vigezo zinachora mstari mmoja leo. Kesho ukiongeza dozi, moja inasema sukari ya baba itakuwa 7, nyingine inasema atazimia. Utaamini ipi?

Watafiti Bergman, Cobelli na wenzao walilinganisha modeli saba za namna hii mwaka 1979, wakachagua iliyo nyepesi. Hata hiyo nyepesi hudai glukozi idungwe mshipani, kisha damu ichukuliwe tena na tena kwa saa 3, ipimwe sukari na insulini pia. Wewe una kipima sukari cha kidole, ambacho kwa viwango vya kimataifa kikisoma 8.5 wakati ukweli ni 10 bado kinahesabika kizima.

Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikubali mwigo wa kompyuta wa vyuo vikuu vya Virginia na Padova, wenye wagonjwa wa kubuni 300. Ulichukua nafasi ya majaribio ya wanyama. Nafasi ya mgonjwa halisi, hapana.

Wewe angalau umeuliza. Wapo wanaouza stendi pete za "kupima sukari bila kutoboa", ilhali Februari 2024 FDA hiyohiyo ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha hata moja. Niliijaribu ya kijana mmoja: kidoleni kwangu 5.6. Nikakivisha kipande cha muhogo mbichi. Muhogo ulikuwa na 5.8.