Mnaomwandikia adui wa tamthilia kwa mara ya kwanza, sogeeni hapa

Juzi nilikaa nyuma kabisa ya chumba cha mazoezi, nimenyamaza, nikamwona kijana wetu mpya wa kuandika akimwonyesha mwigizaji mpya video za mwigizaji aliyeondoka. Kwenye simu, sini moja baada ya nyingine. "Angalia anavyogeuza shingo. Anza na shingo, halafu macho. Fanya hivyo hivyo." Mwigizaji wa watu akageuza shingo. Akageuza tena. Mimi tumbo likanikata, maana sini hiyo naijua, nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu na nikailipia.

Kwa hiyo wadogo zangu, haya machache. Nimeshaandika maadui wa anga za mbali kwa misimu mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na kila mwaka mnakuja na makosa yale yale, mmeyavalisha nguo mpya tu.

1. Adui anayemfunga steringi kwenye kiti kisha akaanza kumsomea mpango wake hatua kwa hatua ni karani. Mkitaka mtazamaji aujue mpango, mwonyesheni adui akimwagiza kijana wake kazi moja ndogo ya ajabu, mtazamaji atajumlisha mwenyewe.

2. "Anacheka kwa ukatili." Nikiikuta kwenye skripti naifuta bila kuuliza. Kicheko ni mali ya mwigizaji.

3. Msimlete akashindwa kila wiki. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mnadhani ni jambo la idadi tu.

Mchukueni Master, adui wa Doctor Who, ile tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa anga na wakati anayeitwa Doctor. Mtayarishaji Barry Letts na mhariri wa skripti Terrance Dicks walitaka mtu wa kumkabili Doctor kama mhalifu Moriarty alivyomkabili mpelelezi Sherlock Holmes, wakampata mwigizaji Roger Delgado, akaingia Januari 1971. Mtu mpole, ndevu zimechongwa, glavu nyeusi, hapandishi sauti mpaka iwe lazima. Alikuwa mzuri kiasi kwamba msimu ule wakamweka kwenye visa vyote vitano. Vitano kwa vitano! Kufika kisa cha tatu mtazamaji hashtuki tena, anasubiri tu kujua safari hii amejificha nyuma ya cheo gani. Mwaka uliofuata wakampunguza mpaka visa viwili, na 1973 kimoja. Ninyi mkimpenda adui mnamwita kila episodi kama fundi wa bomba. Mwacheni mtazamaji amkose. Sini mbili ambazo watu wanamtaja yeye hayupo zinamjenga kuliko sini kumi akiwepo anakunja ngumi.

Na kama hamna budi ashindwe, ashindwe kwa sababu ya tabia yake. Delgado alipendeza kwa kuwa Master wake alikuwa na udhaifu unaoonekana: alitaka yule Doctor amwone. Angeweza kummaliza asubuhi, lakini angemaliza na mtazamaji wake pekee. Steringi hafi, hilo tunalijua sote tangu utotoni, basi angalau tupeni sababu ya adui kuchelewesha risasi.

4. Kurithi mwili. Haya ndiyo yaliyonitoa nyuma ya chumba.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema yote. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mwandishi mkuu wa tamthilia iliyokuwa na adui tuliyemwita Gavana tu, mtawala wa kituo cha uchimbaji kinachozunguka nyota iliyokufa. Wa kwanza kumcheza alikuwa mzee wa jukwaani, sauti nzito, mwendo wa polepole, mtu anayeweza kusimamisha sentensi katikati akaenda kuangalia dirishani, akarudi, na hakuna aliyethubutu kupumua. Siku ya kwanza ya kurekodi alikuwa na mafua. Akakohoa kidogo katikati ya sentensi ya kumhukumu mtu kifo, akaomba radhi kwa ishara ya mkono, akaendelea na hukumu. Mwongozaji hakukata. Mimi nilipoiona kwenye skrini nikaruka. Kuanzia episodi ya pili kikohozi kikaingia kwenye skripti, kimeandikwa kwenye mabano, na watazamaji wakakipenda sana. Walikuwa wakikiigiza mitaani.

Baada ya misimu miwili mzee akaondoka. Kwetu sisi wa hadithi za kisayansi hilo si msiba, tuna ruhusa ambayo wenzetu wa tamthilia za kifamilia hawana: tuliandika kwamba akili ya Gavana imehamishiwa mwili mwingine. Sini moja, mashine inavuma, macho yanafunguka, kazi imekwisha. Tukamchukua mwigizaji wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kuongea, mwepesi wa kucheka, anayemsogelea mtu akizungumza naye mpaka unahesabu kope zake.

Na mimi nikampa karatasi. Karatasi yenye orodha: kikohozi, mkono wa kushoto mgongoni, kuangalia dirishani kabla ya kukataa, kutotaja jina la mtu mara mbili. Nikamjazia na video za misimu yote miwili. Nikamwambia, "Kaka, ukiyashika haya, umemaliza." Akayashika. Alikuwa mwanafunzi mzuri, Mungu anisamehe. Siku ya kusoma mezani watu walipiga makofi yale ya adabu, na mimi nikayachukulia kuwa makofi.

Kwenye seti mambo yakaanza kuvuja. Kwanza pumzi. Sentensi zangu zote zilikuwa za mzee: mikato mitano, minne ya kupumua na mmoja wa kutisha. Kijana yule alikuwa anaongea kwa mafungu mafupi, kwa hiyo akifika mkato wa tatu anakimbia kama mtu aliyechelewa basi. Mimi nikadhani hajakariri vizuri. Kisha kikohozi chenyewe. Kuna siku tulirudia teki kumi na moja kwa ajili ya kikohozi kimoja, mtu wa sauti akageukia ukuta asionekane anacheka. Yule kijana akacheka naye, akaomba maji, akakohoa tena.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja wakati wa mapumziko alikaa na watu wa taa akiwasimulia habari ya mtu mmoja aliyewahi kumdhulumu. Anasimulia kwa upole, anatabasamu, anazidi kushusha sauti. Akaweka mkono begani kwa kijana mmoja wa taa, kama rafiki, akasema, "Nikamwambia, usijali, tutaelewana tu." Wote wakaacha kula. Yule wa taa hakujua kama acheke. Mkono ulikuwa bado uko begani.

Gavana alikuwa pale. Gavana mpya kabisa, anayetisha kwa kukusogelea badala ya kwenda dirishani, na alikuwa amekaa juu ya sanduku la nyaya, bila mekapu. Nilimwona. Nilitoa daftari nikaandika "mkono begani!!" kwa alama mbili za mshangao. Halafu tuliporudi kwenye seti nikamwambia, "Kaka, usisahau kikohozi."

Kwa nini? Mnaniuliza kila nikisimulia. Kwanza, episodi sita zilikuwa zimeshaandikwa na sikutaka kuzifungua. Uvivu, tuuite kwa jina lake. Pili, nilimpenda yule mzee, na nilikuwa nasikia sauti yake kichwani kila nikikaa kuandika. Sikuwa naandika tena, nilikuwa namkumbuka.

Baada ya episodi nane kijana akaomba kuondoka, kwa heshima, bila kelele. Akaja ofisini akanirudishia ile karatasi, imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa kwa jinsi alivyokuwa akiisoma. Akaniuliza kitu kimoja: "Samahani, nilikuwa nataka kujua siku zote. Kile kikohozi, Gavana alikuwa anaumwa nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa na mafua siku moja ya Jumatatu.

Basi, turudi kwa Master, ambaye naye hubadili miili. Delgado alifariki kwenye ajali ya gari Uturuki, Juni 1973. Waandishi hawakukimbilia kuweka uso mwingine pale pale. Master aliporudi 1976, Peter Pratt alimcheza akiwa mwili uliooza, macho yamemtoka, hakuna wa kumlinganisha na mtu. Mwaka 1981 akaja Anthony Ainley na ndevu na mavazi meusi yanayomrejesha Delgado machoni, akacheza mpaka 1989. Ninaowajua wengi wanampenda zaidi kwenye kisa chake cha mwisho, pale alipotulia akaacha kujivuna. Na 2014 akaingia Michelle Gomez, akijiita Missy. Hakuna ndevu, hakuna glavu za mtu mwingine, ana kofia na mwavuli na wendawazimu wake mwenyewe. Lakini ile haja ya 1971, ya kutaka Doctor, rafiki wa zamani, amtazame, aliibeba yote. Waandishi wakaisukuma mpaka 2017, walipomweka Missy uso kwa uso na Master wa mwili wake wa nyuma, aliyechezwa na John Simm. Missy anataka kurudi kusimama na Doctor, yule wa zamani hataki hata kusikia. Missy anamchoma kisu, naye anampiga Missy kwa mwanga mgongoni. Mtu mmoja, kajiua mara mbili kwa ugomvi na nafsi yake. Miaka arobaini na sita ya haja moja. Januari 2020 Sacha Dhawan akatokea akiwa Master mpya, na hakuna aliyesumbuka kueleza sana alipitia mlango gani.

Kwa hiyo mwigizaji akibadilika: mpeni haja, kaeni naye wakati wa mapumziko, na acheni episodi mbili bila kuandikwa mpaka mmwone akirekodi.

5. Barakoa ivaliwe tangu mazoezini. Michael Wisher, aliyemcheza kwa mara ya kwanza Davros, mwanasayansi katili wa Doctor Who, mwaka 1975, alifanya mazoezi amevaa mfuko wa karatasi kichwani ili azoee kuigiza bila uso. Ninyi mnaleta barakoa asubuhi ya kurekodi na mnashangaa mtu anagonga milango. Na kama sauti inatoka kwa mtu mwingine, kama Dalek, wale viumbe wa Doctor Who ndani ya magamba ya chuma, tangu 1963, mwambieni aliye ndani naye akariri mistari yote. Kichwa kile na taa zile ndiyo midomo yake.

6. Huruma ina bei. Marc Alaimo alimcheza kamanda Gul Dukat kwenye Deep Space Nine, tamthilia ya Star Trek, kama steringi wa hadithi yake mwenyewe, na watazamaji wakaanza kumtetea mtu aliyetawala kwa mauaji, mpaka waandishi wakalazimika kumfichua ukatili wake hadharani kwenye episodi nzima mwaka 1998. Kama mnataka apendwe, jueni mapema mtamrudishaje.

7. Kundi lisilo na uso likipewa kiongozi, mmepata wa kuongea na mmepoteza hofu. Waulizeni Borg, lile kundi la nusu-mashine wa Star Trek wanaofikiri kwa akili moja. Kuna wakati inafaa.

8. Nilikuwa na la nane, nimelisahau kwa kumfikiria yule wa shingo.

Nilimwita nje baada ya mazoezi, nikamsimulia ya kikohozi yote, mpaka ya karatasi. Alicheka, kisha akaona sicheki, akanyamaza. Akaniahidi atafuta video zote kwenye simu. Tulipokuwa tunaagana akanigeukia akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba kuongezewa: "Ila shingo tu, mkuu, hatuwezi kuibakiza?"

Nimempa mpaka kesho saa nne asubuhi aniletee kurasa mpya.