Ukitaka kuisikiliza The Tempest, funga kitabu kwanza

Mara ya kwanza kuisikiliza The Tempest, opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Mwingereza Thomas Adès iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare, nilijiandaa kama mtahiniwa. Nilikaa mezani na Tufani, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hiyo iliyofanywa na S. S. Mushi mwaka 1969, penseli mkononi, nikitaka kufuata mstari kwa mstari. Hata dakika kumi hazikufika, nikawa nimepotea.

Mushi hana kosa. Meredith Oakes, aliyeandika maneno ya opera hiyo, hakuyaacha ya Shakespeare yalivyo. Aliyaandika upya kwa mistari mifupi mifupi yenye vina. Kwa hiyo soma tamthilia siku mbili tatu kabla, kisha irudishe kabatini. Ukitaka kufuata maneno, fuata yaliyomo kwenye kijitabu cha diski.

Jambo la pili litawaudhi wapenda utaratibu: usianzie mwanzo. Mwanzoni kuna dhoruba, halafu Prospero, mchawi anayekitawala kisiwa, anamsimulia bintiye habari ndefu, halafu anaingia Ariel. Sauti ya Ariel iko juu mno. Siku ile mwanangu alitoka chumbani kuniuliza kama birika limechemka. Maneno ya Ariel hutayashika, hata Kiingereza kikiwa maji ya kunywa kwako. Usiyakimbize. Huyo ni jini wa hewani. Msikilize kama upepo.

Anza na Caliban, mwenyeji wa kisiwa aliyefanywa mtumwa wa Prospero, tendo la pili, anapowatoa hofu wageni wanaoogopa sauti za kisiwani. Muziki unalainika ghafla, na yule tuliyefundishwa shuleni kuwa ni zimwi anaimba kwa upole kuliko wote. Mimi hapo ndipo niliponasa.

Rekodi ziko mbili, zote Adès mwenyewe akiongoza okestra na Simon Keenlyside akiimba Prospero. Ya sauti tupu ilitokana na maonyesho ya 2007 katika jumba la opera la Covent Garden, London, ilikozaliwa opera hii mwaka 2004. Ya video ni ya Metropolitan Opera, New York, 2012, nayo ilipata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2014. Video ni nzuri, lakini macho yatakuibia masikio. Anza na sauti.

Na kabla ya tendo la tatu kwisha, zima feni. Shakespeare alimalizia kwa Prospero kuwaaga watazamaji. Hapa wote wameondoka, Caliban kabaki peke yake kisiwani, na Ariel anasikika kwa mbali, kwa mbali sana. Mara mbili nzima nilidhani diski imeisha, kumbe feni ndiyo ilikuwa inamfunika.