Nipunguze matumizi ya nyumbani ili nilipe deni?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nina mshahara wa mwezi na nadaiwa na watu watatu: jirani, mwenye duka, na rafiki aliyenikopesha nilipouguliwa na mtoto. Mshahara ukitoka nalipa madeni kwanza, kinachobaki hakifiki hata katikati ya mwezi, nakopa tena. Mke analalamika, mimi namwambia deni ni haki ya watu. Sadaka na michango ya harusi sijaacha, nisije nikakosa baraka. Siku nyingine nazima simu wasinipate. Kuna anayenishauri nichukue mkopo wa riba nimalizane nao wote. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mkeo ana haki ya kulalamika. Nafaqa, yaani matumizi ya mke na watoto, ni wajibu wako, si hisani, na Mtume (s.a.w.) amesema yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwatupa wale anaowalisha (Abu Daud). Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanasema hata kadhi anapouza mali ya aliyefilisika ili wadai walipwe, hagusi nguo walizovaa watu wake wala chakula chao cha siku hiyo. Basi mshahara ukitoka, tenga kwanza chakula, kodi ya nyumba, dawa na nauli ya kazini. Sikutaja simu mpya wala sare za sherehe. Baada ya hayo ya lazima, anayefuata ni mdai, hatanguliwi na mtu.

Sadaka unayoisema ni sunna, na deni lililofika wakati wake ni wajibu. Pesa unayompa bwana harusi, jirani yako anaingoja. Waambie jamaa kwamba kwa sasa huna. Watanuna kidogo, kisha yatapita. (Zaka ni mlango mwingine, na huenda wewe ndiye wa kupewa: wenye madeni wametajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60.)

Kuhusu simu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya sala. Alipoulizwa kwa nini mara nyingi hivyo, akajibu kwamba mtu akidaiwa, akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja ahadi (Bukhari na Muslim). Nawe huko ndiko unakoelekea. Washa simu, uwaendee wenyewe kabla hawajakutafuta, uwaambie unapata kiasi gani na kila mwezi utampa kila mmoja kiasi gani. Allah amesema mdaiwa akiwa na dhiki angojewe mpaka afarijike (Baqara, 280). Wakati wa Mtume mtu mmoja alipata hasara katika matunda aliyonunua, madeni yakamzidi. Watu wakaombwa wamchangie, na mchango haukufika kiasi cha deni. Mtume akawaambia wadai wake: chukueni mlichokipata, hamna zaidi ya hicho (Muslim). Lakini ngojangoja hiyo ni ya asiyenacho. Mwenye uwezo akichelewesha, hiyo ni dhulma.

Makubaliano yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, ni ya kuandika deni. Na kama madeni yote yamefika wakati wake, ni bora uwagawie kwa uwiano wa wanachokudai. Nimeona mara nyingi anayelipwa ni mwenye kelele, na yule mpole, aliyekopesha kwa huruma, anawekwa mwisho mwaka hadi mwaka. Kwako nadhani ni huyo rafiki.

Mkopo wa riba, hapana. Utatoka kwenye deni lenye dhiki uingie kwenye deni lenye dhiki na haramu.

Mwisho, mkeo umwoneshe hesabu yote, mshahara na majina ya wanaokudai. Yeye ndiye anayepika na kununua kila siku, anajua wapi panaweza kupunguzwa bila watoto kulala njaa. Kama ana mali yake, hiyo ni yake: akikusaidia ni hisani, na asipotaka usimlazimishe wala usimnunie.

Wallahu aalam.