Maswali ya wasomaji: Lisbon kwa miguu, na ile dhahabu ya Kilwa

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwezi wa kumi naenda Lisbon, Ureno, kikazi. Semina inaisha Jumamosi na ndege yangu ni Jumanne asubuhi, kwa hiyo nina Jumapili na Jumatatu zangu mwenyewe. Wenzangu wananiambia nikate tiketi ya lile basi la watalii la ghorofa nikae juu nizungushwe, lakini mimi mtu wa kutembea, Ngamiani nazimaliza barabara zote kwa miguu. Tatizo goti la kushoto linanisumbua na nasikia ule mji ni vilima vitupu. Nitaweza kweli? Nianzie wapi?
– Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Utaweza, na hilo basi achana nalo kabisa, manake Alfama ndo roho ya mji ule na vichochoro vyake basi la ghorofa haliingii hata kidogo. Alfama yenyewe ni jina la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto, ukoo mmoja na hamamu yetu, maana Waislamu walikaa pale karne nyingi mpaka 1147 mfalme Afonso Henriques alipouteka mji. Ukishaingia mle ndani, kama umewahi kutembea Mji Mkongwe Unguja miguu yako itajua yenyewe: njia ya watu wawili kupishana, nguo zimeanikwa dirishani, bibi amekaa mlangoni na kiti chake, kona unayodhani imeziba kumbe inatoka.

Sasa kuhusu goti, siri ni moja tu, panda kwa gari shuka kwa miguu. Pale uwanja wa Praça da Figueira kuna basi namba 737 linakupeleka mpaka juu kwenye ngome ya São Jorge. Watu wengi wanapanga foleni ya tramu namba 28 sababu ni nzuri kwenye picha, mimi sikushauri, inajaa mnabanana na vibaka wanaipenda sana. Ukishaiona ngome anza kuteremka pole pole, na usijidanganye, kushuka nako kunachosha goti, kwa hiyo pumzika kwenye zile sehemu za kutazamia mji wanaziita miradouro. Ya Santa Luzia usiipite, pale ukutani mwa kanisa kuna picha ya vigae vya buluu inaonyesha uwanja mkubwa wa pwani ulivyokuwa kabla ya tetemeko, iangalie vizuri uikumbuke sababu kama saa moja baadaye utakuwa umesimama kwenye uwanja wenyewe.

Tetemeko ninalosema ni la tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika, majengo yakawaangukia, waliookoka wakakimbilia pwani kwenye nafasi na hapo hapo maji ya mto Tejo yakapanda yakawafuata, halafu moto ukashika ukawaka siku kadhaa. Alfama ilibaki kwa kiasi kikubwa, lakini bondeni pale Baixa paliisha. Ndo maana ukishuka chini unashangaa mitaa imenyooka kama imepigwa rula, ilijengwa upya kwa amri ya waziri Pombal, na ndani ya kuta waliweka fremu za mbao zilizosukwa kama tenga ili nyumba ikitikiswa icheze isivunjike. Mitaa ikapewa majina ya kazi, wa dhahabu, wa fedha, wa washona viatu. Kama unataka kuliona tetemeko lenyewe nenda kwenye magofu ya kanisa la Carmo, nguzo na matao yamesimama lakini paa hakuna, unaangalia juu unaona mbingu, mimi pale nilinyamaza kimya. Kutoka Baixa kwenda huko juu usipande ngazi wala usisimame foleni ya ile lifti ya chuma ya Santa Justa, ingia stesheni ya metro ya Baixa-Chiado, ngazi zake za umeme ni ndefu zinakutoa juu mtaa wa Chiado, wenyeji wanazitumia hivo hivo kama njia.

Viatu: raba yenye soli ya mpira, makubadhi yaache hoteli. Njia zimepangwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimesuguliwa na miguu ya watu mpaka vinang'aa, mvua ikinyesha ni kama umemwagiwa sabuni. Mimi nilianguka mchana kweupe nimevaa viatu vya kuendea harusini.

Na ukipita ukaona kibao kimeandikwa IGREJA, hilo ni kanisa, na ndilo lililozaa neno letu gereza. Ndani ya ngome za Wareno huku pwani kwetu yalikuwemo makanisa, sisi tukaita jengo lote hivo na baadae ikawa jela. Leso na meza na bendera nayo yalitoka huko huko.

Ukichoka kaa Largo de São Domingos, utawakuta Waafrika wenzetu hasa wa Guinea-Bissau wanapiga soga na kuuza vitu vyao kama kijiweni. Kwenye chakula, mkate na zeituni wanazokuwekea mezani kabla hujaagiza si za bure, kama huzitaki sema mapema.

SWALI: Shangazi eti dhahabu ya Kilwa iko Ureno mpaka leo? Au ni maneno ya vijiweni tu?
– Kijana wa Lindi

JIBU: Ni kweli mwanangu, na nimeiona kwa macho yangu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na meli za kivita akamlazimisha sultani Ibrahim alipe kodi ya dhahabu, ile dhahabu iliyokuwa inatoka bara kupitia bandari ya Sofala. Mfalme Manuel wa Ureno akaagiza itengenezwe monstransi, kile chombo Wakatoliki wanachowekea Ekaristi, ikamalizika 1506. Leo iko makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Rua das Janelas Verdes, hapo hapo Lisbon. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka katikati, wadogo kama kidole na kila mmoja ana sura yake. Lakini wewe inama uangalie kitako, kuna maandishi yamezunguka kwamba imetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya QILVA, ndivyo walivyoiandika. Bibi yangu mzaa mama ni wa Kilwa Kivinje, nililisoma lile neno mara tatu na machozi yakanitoka, manake kodi yenyewe haikuwaokoa, 1505 meli za Wareno zilirudi zikaupora mji.

Mama wa Ngamiani, hapa nawe upo: makumbusho hayo Jumatatu yamefungwa, kwa hiyo nenda Jumapili na Alfama uiweke kesho yake, na uangalie kwanza tovuti yao kama hawana ukarabati. Ukitoka stesheni ya Cais do Sodré ni kama dakika 20 kwa miguu, pitia Madragoa, zamani mtaa ule uliitwa Mocambo na waliokaa pale walikuwa Waafrika, watumwa na waliojikomboa.