Kompyuta imchagulie mama yangu dawa?

SWALI: Shikamoo sista. Naandika kutoka Kibaigwa. Mama yangu ana miaka 61, na presha anayo mwaka wa tisa sasa. Kliniki wamemwomba aingie kwenye utafiti wa dawa ya presha. Ameambiwa ziko dawa mbili, kompyuta ndiyo itakayompangia mojawapo, na hata daktari wake hatajua anameza ipi. Ameshapiga dole gumba. Mdogo wangu anasema mama kageuzwa panya wa maabara. Mtu anatibiwaje kwa dawa ambayo daktari mwenyewe haijui? Na akizidiwa usiku je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimekuwa muuguzi wa utafiti mkoani Dodoma kwa miaka mingi, na swali lako natamani kila familia iliulize kabla ya dole gumba kuguswa wino.

Nianze na huko kupangiwa na kompyuta, yaani kura. Daktari anazijua dawa zote mbili: dozi yake, madhara yake, na nani asipewe. Kinachotafutwa ni ipi inawafaa zaidi watu wenye hali kama ya mama, na hilo bado hakuna anayelijua. Daktari akiachiwa achague, huruma itamwongoza. Aliye dhaifu zaidi atampa ile anayoiamini. Mwisho wake dawa hiyo itaonekana mbovu, kumbe ilibebeshwa wagonjwa mahututi. Shambani unalijua hili. Ukipanda mbegu mpya ya mahindi kwenye udongo mweusi wa bondeni, na ya zamani ukaitupa kwenye kichanga cha juu, siku ya kuvuna utakuwa umepima udongo tu. Kura inahakikisha kila mbegu inapata bonde na kichanga kwa haki.

Kufichwa kwa jina la dawa nako kuna sababu. Anayejua kwamba amepewa dawa mpya huwahi kusikia nafuu, na anayempima huwahi kuiona. Lakini siri hiyo ina ufunguo. Kila chupa ina namba, na orodha ya namba hizo hutunzwa mahali panapofikika saa 24. Mama akizidiwa, na tiba yake ikategemea kujua amemeza nini, siri hufunguliwa kwa ajili yake. Adai kadi ya mshiriki yenye namba ya simu ya dharura, aiweke pamoja na kadi yake ya kliniki. Usiku huo mpeleke hospitali iliyo karibu kwanza. Simu mtapiga njiani.

Neno la panya linaniuma, maana nimeona kinachotokea pale tiba inapotolewa kwa mazoea bila kupimwa. Kwa miaka mingi watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walikuwa wakipewa dripu nyingi kwa haraka, na sote tuliamini inaokoa. Utafiti ulifanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu, katika Hospitali ya Teule, Muheza, kwa watoto zaidi ya 3,100 waliogawanywa kwa kura, na matokeo yake yakatoka mwaka 2011. Kati ya kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka, 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Wasiopewa, walifariki 7. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri uandikishaji usitishwe mapema, ukasitishwa. Bila kura ile tungeendelea kufungulia dripu hizo kwa nia njema kabisa. Mwulize mtafiti wa mama: kamati ya namna hiyo ipo?

Na wilaya yako ya Kongwa ina historia yake ya utafiti wa kura. Vijiji sita viligawanywa kwa kura: vyote vilipata mafuta ya macho ya tetrasaiklini, lakini vitatu viliongezewa uhamasishaji wa kunawisha watoto nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kwenye vijiji vya kunawa, vikope vikali (trakoma, ugonjwa wa macho) vilipungua zaidi. Wazee wa huko huenda wanaukumbuka.

Usichokitaja, ila mimi ningekiuliza kwanza: je, moja ya hizo "dawa" ni kidonge kisicho na dawa ndani? Kinaruhusiwa mara nyingine, kwa mfano kikiongezwa juu ya tiba ya kawaida. Kumwachia mwenye presha ya miaka tisa kidonge kitupu peke yake haikubaliki. Jibu limo kwenye karatasi ya maelezo.

Sasa dole gumba. Asiyesoma anapaswa kusomewa fomu yote mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, naye shahidi atie sahihi. Kama mama anaelewa Kigogo kuliko Kiswahili, aelezwe kwa Kigogo, na shahidi awe anajua lugha zote mbili. Niliwahi kumwomba mzee mmoja anieleze kwa maneno yake alichokubali. Akasema, "Nimepewa dawa mpya nzuri." Tukaanza upya kurasa zote, siku ile ikaishia hapo. Mwulize mama hivyohivyo leo jioni. Akijibu kama mzee yule, rudini kliniki.

Nakala ya fomu lazima iwe nyumbani kwenu. Ndani yake tafuteni namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Kibali cha kitaifa cha maadili hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ulizeni na bima ya washiriki, nauli ya kila hudhurio, na kama tarehe zinaweza kusogezwa wakati wa palizi.

Anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na kliniki yake ya presha inaendelea kama zamani. Ila asiache kimyakimya. Dawa nyingine za presha zikikatwa ghafla, presha hupanda kwa kishindo.

Siku ya kwenda, abebe vidonge vyote anavyomeza sasa na pakiti zake, na kama kuna mizizi anachemsha, aibebe pia na aitaje. Na aendelee na dawa za zamani mpaka aambiwe waziwazi ni ipi aiache.