Taa za LED kwenye MX-5 ya taa za kuinuka

Ndugu, uliuliza kama taa za LED zinaingia kwenye MX-5, lile gari dogo la michezo la Mazda lenye taa za mbele zinazoinuka: zinaingia. MX-5 ya kwanza, ile ya 1989 hadi 1997, inatumia taa ya duara ya inchi 7, saizi ya kawaida kabisa. Kinachosumbua ni kina. Taa nyingi za LED zina mapezi ya kupoza joto kule nyuma. Yakigusa bakuli linaloshikilia taa, au waya ukibanwa, taa inakwama katikati na mota ya kuiinua inaweza kuunguza fyuzi. Pima mgongo wa taa kabla hujalipa.

Inua taa, chomoa fyuzi iliyoandikwa RETRACTOR ili mota isikubane vidole, toa fremu ya plastiki, kisha skrubu za ringi inayoshika taa pekee. Zile mbili za kurekebisha mwelekeo usiziguse. Ukimaliza, zungusha kifundo cha mota kwa mkono, teremsha taa polepole ukitazama waya, ndipo urudishe fyuzi.

Na tafadhali chukua zilizotengenezwa kwa nchi ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara, kama Kenya. Za Ujerumani au Ufaransa huinua mwanga upande wa kulia, na usiku pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, utampofusha dereva wa trela anayekuja mbele yako.