Maboksi usinunue
Dada unayehama Chikongola, hapa Mtwara, kwenda Lindi ukauliza maboksi yanauzwa wapi: usinunue. Pita maduka ya jumla jioni wakifunga, omba ya sabuni au biskuti. Ya mafuta ya kula achana nayo, chini huwa yamelainika. Nguo jaza kwenye mifuko ya shangazi kaja, ila khanga na mashuka uviache nje, ndivyo vya kufungia vyombo. Sahani zisimamishe ubavu kwa ubavu, usizilaze moja juu ya nyingine, maana gari ikirukaruka za chini ndizo zinazobeba uzito wote. Glasi zijaze soksi.

Friji izime usiku wa kuamkia safari barafu iyeyuke, isafiri imesimama, na ukifika iache ipumzike saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi toa regulata kabisa.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inatosha kwa chumba na sebule. Dereva aje na turubai. Machi hii ukimsikia anasema "haitanyesha", tafuta mwingine. (Shukuru tu si msimu wa korosho, magari yote yangekuwa yanabeba magunia ya korosho.) Chandarua, kiberiti, sufuria moja na chaja kaa navyo mwenyewe mbele.